Sumu Haina Macho, Wajukuu Zangu

Mjukuu wangu anayeendesha bodaboda pale Biharamulo mjini alinijia jioni moja na kipande cha tairi kuukuu, pilipili kavu ndani ya mfuko wa karatasi na chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. Alivua kofia, akaniamkia, nikaitikia. Kisha akanyoosha kidole kwenye pembe ya paa, pale ubao ulipobonyea tangu mvua za mwaka juzi, akasema: "Babu, leo hawa popo tunawamaliza." Mpango wake ulikuwa kuwasha tairi chini ya tundu, moshi wa pilipili upande darini, watakaoanguka wapigwe, watakaong'ang'ania juu wanyunyiziwe dawa. Nyuma yake walisimama wenzake watatu, vijana wa mtaani, kila mmoja na rungu lake.

Niliwaambia wakae. Niliyowaambia baada ya hapo ndiyo ninayoyaandika leo, maana wale walikuwa wanne tu na ninyi mko wengi, kutoka Rusumo mpaka Nyakanazi, na najua chupa kama ile imefichwa uvunguni mwa vitanda vingi vya Ngara na Biharamulo.

Kwanza sikuwalaumu kwa hofu yao. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza, akiwa Dodoma, kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa hapa kwetu Biharamulo. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 13 Machi walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 10, wawili kwa vipimo vya maabara na wanane kwa dalili na mazingira yao. Wote 10 walikufa. Miaka miwili kabla, Machi 2023, ugonjwa huohuo ulikuwa umeipiga Bukoba Vijijini, wakaugua 9 na wakafa 6. Ninyi mnakumbuka ndoo za maji na sabuni milangoni. Mimi nakumbuka zaidi ile salamu ya mbali. Sisi ni watu wa kushikana mikono, tena tunaishikilia huku tukiulizana habari za nyumbani, za mifugo na za mvua. Ghafla mtu anasimama hatua tatu kutoka kwako, kama mna ugomvi.

Na ni kweli kwamba virusi vya Marburg hukaa ndani ya popo. Lakini wajukuu zangu, popo si mmoja. Anayejulikana kuvihifadhi virusi vile ni popo wa matunda, yule mkubwa mwenye uso kama wa mbwa, ambaye hulala mapangoni na kwenye mashimo ya migodi kwa maelfu, usiku akatoka kutafuta mapapai, maembe na ndizi zilizoivia mgombani. Hawa wanaojipenyeza chini ya bati zetu wengi wao ni wadogo, wa kula wadudu. Usiku wote wanafanya kazi ambayo ninyi mnanunua dawa ya mbu ili ifanyike. Sisemi mcheze nao. Popo yeyote asishikwe kwa mkono mtupu, maana anaweza kuwa na kichaa cha mbwa pia. Tunda lililong'atwa lisiliwe hata kama limebaki zuri upande mmoja. Kinyesi chao kisifagiliwe kikavu vumbi likapanda puani. Kiloweshwe kwanza kwa maji yenye Jik, na anayekisafisha afunike pua na mdomo na avae glavu. Hayo ni ya lazima. Rungu siyo.

Nitawaambia yaliyotokea Uganda. Kuna mgodi uitwao Kitaka, wilaya ya Kamwenge. Mwaka 2007 wachimbaji wanne waliugua Marburg, mmoja akafa. Mgodi ulikuwa na popo wa matunda makumi ya maelfu. Mwaka uliofuata watu wa mgodini wakafanya kama alivyotaka kufanya mjukuu wangu, ila kwa ukubwa wa mgodi: wakaweka nyavu milangoni, wakaua, wakaua, mpaka wataalamu waliporudi hawakukuta popo hata mmoja humo ndani. Lazima siku ile palikuwa na shangwe. Mwaka 2012 Marburg ikarudi katika eneo lilelile la magharibi mwa Uganda, safari hii ikiwa kubwa kuliko ya kwanza. Wataalamu walipoingia tena Kitaka wakakuta popo wamesharejea. Walikuwa wachache sana kuliko zamani, lakini walipowapima wakakuta karibu 13 katika kila 100 wana virusi. Kabla ya yale mauaji walikuwa kama 5 tu katika kila 100.

Sababu yake isikilizeni taratibu, kwa sababu ndiyo mzizi wa nasaha yangu yote. Popo wazee wengi walikwisha kupambana na ugonjwa miilini mwao, wakawa na kinga. Ulipowaua, nyumba ilibaki tupu, na nyumba tupu yenye giza, joto na usalama haikai bila mpangaji. Wakaingia wageni, wengi wao vijana wasio na kinga, ugonjwa ukapata kuni mpya. Wachimbaji waliwaondoa wanyama na kuiacha nafasi wazi, na nafasi ndiyo inayoita.

Mmoja wa wale vijana wanne, mwenye rungu refu kuliko wote, aliniuliza, "Sasa mzee, tukae tu?" Nikamwambia nitafika huko. Kabla ya kufika ilinibidi niwaeleze kwa nini chupa ile ilinifanya nikose pumzi nilipoiona. Jambo hili sikuwahi kulisimulia mbele ya watoto.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa nguvu, naishi Ngara, na mahindi yalikuwa yamekubali. Stoo yangu ilijaa, panya wakajua kabla ya majirani. Usiku ungewasikia juu ya magunia kama watu wanaosaga. Nikaenda mnadani, nikanunua unga mweusi uliofungwa kwenye kipande cha gazeti. Haukuwa na jina, wala maelezo, wala picha ya fuvu. Nikautwanga pamoja na dagaa na unga wa mahindi, nikaugawa kwenye vigae vya kibuyu, nikavipanga stoo na vingine nje ukutani.

Asubuhi nilikuta panya 14. Niliwapanga kwenye jani la mgomba ili wapitao waone. Siku ya pili paka wetu alijikunja chini ya kinu, hakuamka. Kuku wawili wakafuata. Siku ya tatu chini ya mparachichi nilimkuta bundi, mabawa wazi, uso kwenye majani. Wakati ule nilifurahi, kwa kuwa nilifundishwa kama mlivyofundishwa ninyi kwamba bundi akilia juu ya nyumba anaita maiti. Sikujua kwamba yule alikuwa mlinzi wangu wa usiku ambaye sikumlipa hata senti.

Siku ya nne mtoto wa dada yangu, wa miaka mitatu, aliokota kigae kimoja kilichokuwa ukutani nje. Kilikuwa kimebaki na unga kidogo wenye harufu ya dagaa. Tulimpakia kwenye baiskeli, baba yake akisukuma na mimi nikimshika mgongo, milima ile ya Ngara mnaijua. Alitapika njia nzima. Hospitali walimpigania siku mbili. Alipona.

Dada yangu hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Yule mtoto leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, na akija kwangu huniamkia kwa heshima zote, hukaa, tunazungumza vizuri. Chakula kikiletwa husema ameshiba. Hunywa maji tu, na maji yenyewe hupenda ayachote mwenyewe mtungini. Imekuwa hivyo kwa miaka karibu 40. Hakumbuki lolote la siku ile, mwili wake ndio unaokumbuka.

Msimu uliofuata panya walirudi zaidi ya mwanzo. Nani angewazuia? Paka hayupo, bundi hayupo. Panya wa shambani jike ana chuchu hadi 24, na hazikuumbwa kuwa pambo. Mimba yake ni kama wiki tatu tu. Ukiua 14 na ukaacha wawili, chakula kikiwa kilekile, magunia yaleyale sakafuni na ufa uleule ukutani, umewapa wale wawili shamba zima bila mshindani.

Siku hizi kuna dawa nyingine za panya, zile chembe zenye rangi, waridi au buluu. Muuzaji atawaambia ni salama kwa sababu panya hafi papo hapo. Hapo ndipo penye hatari nyingine. Panya aliyekula dawa ile huvuja damu ndani kwa siku kadhaa, akizubaa, akitembea mchana kama mlevi. Huyo ndiye rahisi kukamatwa na paka, na bundi, na mbwa wako, na kila mmoja wao humeza sehemu ya ile dawa. Sumu haina macho. Huitupi kwa panya. Unaitupa uani, na uani mnaishi wengi.

Kama ni lazima kabisa dawa itumike, inunuliwe duka la pembejeo lenye leseni, iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ile TPHPA, iwe na karatasi yake yenye maelezo, na iwekwe ndani ya kisanduku chenye tundu la panya pekee, mkono wa mtoto usipite. Dawa ya kupima kwa kijiko kutoka kwenye gazeti ikataeni hata mkipewa bure. Na dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe.

Kazi hasa iko kwingine. Wazee wetu walijenga vihenge juu ya nguzo kwa akili. Ongezeni kitu kimoja ambacho hawakuwa nacho: kofia ya bati iliyogeuzwa kama faneli kwenye kila nguzo, panya apande afike hapo ateleze. Kihenge kikae mbali na ukuta na mbali na tawi, maana panya huruka. Magunia yasilale sakafuni, yapandishwe juu ya chaga. Wenye uwezo wanunue mifuko ya PICS, ile ya tabaka tatu inayofungwa hewa isiingie. Hiyo huua dumuzi na fukusi bila dawa yoyote, ingawa meno ya panya huitoboa, kwa hiyo nayo iwe juu ya chaga. Ufa wa ukuta uzibwe kwa saruji, au kwa udongo uliochanganywa na vipande vya chupa. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na panya akilini, lakini ukuta wangu wa stoo niliujenga upya mwaka 1987, mnaweza kuhesabu wenyewe.

Na mtegeni kwa umoja. Nyumba moja ikitega, panya wa jirani huhamia. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, ambao wamemsoma panya kwa miaka mingi, hufundisha kwamba mitego ikiwekwa na kijiji kizima kwa wakati mmoja, kila usiku, kazi inaonekana. Mtego uwe wa chuma, wa kubana, wenye springi kali ya kumaliza mara moja. Hii gundi inayouzwa na machinga barabarani, panya akinasa analia usiku kucha, anajitafuna mguu, asubuhi mnamtupa jalalani angali hai. Nimeiona nyumbani kwa mtu ninayemheshimu na nikamwambia usoni kwamba haifai. Mtoto anayeamka na kukiona kitu kile kabla ya kwenda shule anajifunza nini?

Nikiwa hapohapo Morogoro, mjue kwamba chuoni humo shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na wengine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Mmoja, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 Waingereza wakampa nishani ya dhahabu. Vijana wale wanne walidhani nawatania. Sikuwa natania. Mnyama tunayempiga kwa fagio aliwarudishia watu mashamba yao.

Kuna jambo moja la panya lazima niwaonye kwa ukali. Mkiona panya wanakufa wenyewe, wengi, bila mtego wala dawa, msiwaguse na msiwafagie. Toeni taarifa zahanati siku hiyohiyo. Mkoa wetu unaijua tauni: mwishoni mwa karne ya 19 Robert Koch, yule daktari wa Kijerumani, aliitambua Kiziba, kaskazini mwa Bukoba. Iliitesa Lushoto kwa miaka mingi kuanzia 1980. Panya akifa, viroboto humkimbia mzoga na kutafuta damu nyingine, na iliyo karibu ni yako.

Ngedere ni kesi ngumu zaidi, nami sitajifanya nina jawabu jepesi. Mwanamke aliyelima mahindi robo eka akakuta asubuhi yamevunjwa yote, ukimwambia habari za huruma atakuona huna adabu. Nawaelewa. Lakini tujiulize walitoka wapi. Mimi nilikuwa Ngara mwisho wa Aprili 1994, pale takriban watu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakikimbia kutoka Rwanda. Kambi yao ya Benaco ikawa mji kuliko miji yetu yote. Walikuwa binadamu wanaokimbia kifo, tuliwapokea, na mtu lazima apike. Miti ikakatwa, kilima baada ya kilima, watu wakawa wanatembea kutwa nzima kutafuta kuni. Kisha sisi wenyewe tukaendelea walipoishia, kwa mkaa na kwa mashamba. Niliona kwa macho yangu ngedere wakishuka mabondeni kuja migombani. Mtu akivunjiwa jiko, atakula kwa jirani.

Wapo wanaochukua ndizi mbivu wakaichoma sindano ya sumu na kuiacha ukingoni mwa shamba. Nawaombeni, kwa jina la yule mtoto niliyemshika mgongo, msifanye. Ndizi mbivu iliyookotwa njiani ni chakula cha kila mtoto anayetoka shule na njaa. Tena Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuua mnyamapori kwa sumu, na tangu 2019 mapori yetu ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yameunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707, kwa hiyo wengi wenu mnalima mlangoni mwa hifadhi. Askari hatakuuliza kama ulimlenga ngedere wakati aliyekufa ni tai.

Ng'ambo ya mto Kagera, kwa Wanyarwanda, kuna hifadhi ya Akagera. Baada ya 1994 wafugaji waliorejea na ng'ombe wao waliwawekea simba sumu kwenye mizoga, mmoja baada ya mwingine, mpaka simba wakaisha kabisa nchini. Mwaka 2015 hifadhi ikalazimika kusafirisha simba saba kutoka Afrika Kusini kwa ndege. Sumu hununuliwa dukani, lakini kurejesha walioisha kunahitaji ndege.

Ngedere huja alfajiri na jioni, na anayewatisha zaidi ni mtu. Sanamu ya matambara wataiogopa siku mbili, ya tatu wataikalia, hivyo ihamishwe kila siku na ivalishwe shati lililovaliwa, lenye jasho. Fyekeni kichaka ukingoni mwa shamba, upana wa hatua 30 au zaidi, kwa sababu ngedere hapendi kuvuka uwazi bila mti wa kukimbilia. Mahindi yawe katikati, ukingoni pandeni pilipili. Mbwa wawili wa kubweka wana faida kuliko bunduki. Na kuamia kuwe kwa zamu ya watu wazima, nyumba kwa nyumba, kama tunavyofanya msibani, si kumtoa mtoto darasani kwa wiki mbili. Bado mtapoteza mahindi kidogo. Mimi hupoteza kila mwaka.

Kama mtu bado anataka kuwapiga ngedere na kuwala, akumbuke kwamba jina Marburg ni la mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 watumishi wa maabara waliugua kwa kushughulika na tumbili waliotoka Uganda. Waliugua 31, pale na katika miji mingine miwili, wakafa 7.

Kuku ni jambo jepesi. Nguchiro na kicheche huingia penye uwazi wa vidole viwili. Banda liinuliwe, sakafu iwe ya mbao zilizobanana, mlango ufungwe kabla giza halijaingia, vifaranga wafunikwe tenga mchana mwewe wanapozunguka. Mtu anayelalamika kuhusu nguchiro huku kuku wake wanalala juu ya mti, namsikiliza kwa nusu sikio.

Mbwa wanaozurura nao huwekewa nyama yenye sumu kila uvumi wa kichaa unapotokea. Yaleyale ya Kitaka. Mbwa wakiuawa leo, mtaa unajaa wengine kesho, wasiochanjwa, kutoka wasikojulikana. Na pengine waliouawa ndio waliokuwa na chanjo. Kinachozuia kichaa ni sindano: mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia. Pemba wamefanya hivyo na wakautokomeza. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni tarehe 28 Septemba, ulizieni kwa afisa mifugo wa kata kama kuna chanjo, mpelekeni mbwa kwa kamba. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kupitia kwa mganga.

Sikusema msiue kamwe. Mbwa mwenye kichaa tayari, anayetoka mate na kuuma hata ukuta, atauawa, na wenye silaha waitwe. Swila aliyeingia chumba cha watoto, na hakuna wa kumtoa, atauawa. Nimefanya hivyo mwenyewe. Ninachowataka ni kwamba kuua kuwe kwa mwisho, kuwe kwa haraka, kuwe kwa mkono unaomwona anayekufa.

Basi tukarudi kwenye paa langu. Tairi nililiweka pembeni, watoto wa jirani walilitumia kuchezea. Nilimwambia mjukuu wangu apande ngazi atege sikio darini. Alishuka na uso tofauti. "Babu, kuna vitoto. Vinalia." Nikamwambia tukiziba leo, mama zao watafungiwa nje, vitoto vitakufa na kuoza juu ya vichwa vyetu. Tutasubiri mpaka vijifunze kuruka.

Alikuja kila Jumamosi kwa wiki sita. Tulikaa kwenye mkeka jua likizama, tukitazama pembe ile, akihesabu kwa sauti ya chini wanapotoka. Mara ya kwanza 41. Wiki ya sita alihesabu zaidi ya 60, akajua wadogo wamejiunga. Siku hiyo akaziba matundu mengine yote, akaacha lile moja kubwa, na juu yake akapigilia kipande cha chandarua kikuukuu, kikining'inia wazi kwa chini kama pazia. Popo anayetoka huteleza chini akaruka zake. Anayerudi hutua kwenye tundu akakuta chandarua, asijue aingilie wapi. Tuliacha hivyo usiku tano. Usiku wa tano hakutoka hata mmoja. Asubuhi yake akapigilia ubao mpya, nami nikamshikia ngazi.

Dawa ya kuogeshea aliipeleka kwa mjomba wake mwenye ng'ombe. Jioni akarudi, ingawa hapakuwa na la kuhesabu, akakaa mkekani. Giza lilipoanza kuingia walikuja wachache, wakaizunguka pembe ile mara mbili tatu, kisha wakapita juu ya migomba wakishika wadudu, wakateremka bondeni.